Uigaji Uliotangulia Chipu: Historia ya Mwanya kati ya Saketi Inayoigwa na Saketi Inayojengwa

Vitabu vingi vya kufundishia usanifu wa saketi za kidijitali humpa mwanafunzi mfuatano mmoja wa kazi. Kwanza ataandika maelezo ya saketi kwa lugha maalumu, kisha ataiiga saketi hiyo ndani ya kompyuta, halafu programu ya usanisi itayageuza maelezo kuwa malango mantiki, na mwishowe faili litapakiwa kwenye chipu inayoprogramika. Mfuatano huu hufundishwa kana kwamba ulibuniwa siku moja na watu waliokaa meza moja. Historia haiungi mkono dhana hiyo. Lugha zinazotumika zilibuniwa kwa ajili ya kuiga na kuhifadhi maelezo. Chipu zenyewe zilibuniwa ili mhandisi aepuke gharama na ucheleweshaji wa kiwanda. Usanisi nao ulizuka baadaye, mahali pengine, kwa lengo la kupunguza malango katika saketi ambazo tayari zilikwisha kuchorwa.

Sura hii inahoji kwamba tofauti inayoonekana mara kwa mara kati ya kile kinachofaulu katika uigaji na kile kinachotendeka kwenye chipu haipaswi kuhesabiwa tu kuwa uzembe wa msanifu. Kwa sehemu kubwa ni urithi wa mapokeo hayo matatu kuunganishwa baada ya kila moja kukomaa peke yake. Suala hili lina uzito kwa mtafiti, kwa kuwa tasnifu nyingi za uhandisi huwasilisha michoro ya mawimbi kutoka kwenye kiigaji kama ushahidi wa kutosha kwamba saketi inafanya kazi. Ili hoja isielee hewani, saketi moja ndogo itafuatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Saketi hiyo ni kiteuzi chenye maingizo mawili, A na B, na ishara ya uteuzi S. S ikiwa 0, tokeo Y ni sawa na A. S ikiwa 1, Y ni sawa na B. Ni vigumu kupata saketi rahisi zaidi yenye manufaa, na hata hivyo karibu matatizo yote ya historia hii yamo ndani yake.

Jedwali lisilo na wakati

George Boole alichapisha kitabu chake kikuu kuhusu sheria za fikra mwaka 1854, na aljebra yake ilikaa zaidi ya miaka 80 mikononi mwa wanamantiki kabla ya wahandisi kuichukua. Katika miaka ya 1930 watu kadhaa waliifikia hoja ileile kwa njia zao wenyewe, akiwemo Akira Nakashima nchini Japani na Victor Shestakov katika Muungano wa Kisovyeti. Iliyoenea zaidi ni kazi ya Claude Shannon, tasnifu ya uzamili aliyoiandika MIT mwaka 1937 na kuichapisha mwaka uliofuata. Humo alionesha kwamba swichi za rilei zilizounganishwa kwa mfululizo au sambamba zinatii aljebra ya Boole. Mwaka huohuo wa 1937, George Stibitz, aliyekuwa akifanya kazi katika Bell Labs, aliunda juu ya meza ya jikoni kwake kijumlishi cha namba za mfumo wa jozi kwa kutumia rilei, balbu za tochi na vipande vya bati la kopo la tumbaku.

Kazi hizi mbili zinafaa kutazamwa pamoja, kwa sababu zinaonesha hali ya uthibitisho ilivyokuwa kabla ya uigaji. Shannon alithibitisha kwa karatasi. Stibitz alithibitisha kwa balbu kuwaka au kutowaka. Baina ya karatasi na balbu hapakuwa na hatua ya kati, wala haikuhitajika. Kiteuzi kina maingizo matatu, hivyo jedwali la ukweli lina safu nane tu. Mtu akizipitia safu nane kwa kalamu amekwisha kuiga saketi yote. Mbinu ya Maurice Karnaugh, iliyochapishwa mwaka 1953, iliyapanga majedwali hayo kuwa ramani ambayo jicho la mwanadamu linaweza kuikagua na kutoa usemi mfupi zaidi. Kwa kiteuzi, ramani hutoa semi mbili: A na kanusho la S, au B na S.

Jedwali la ukweli, hata hivyo, halina wakati ndani yake. Chukua hali ambapo A na B zote ni 1, na S inashuka kutoka 1 hadi 0. Kwa mujibu wa jedwali, Y ilikuwa 1 na inabaki 1. Katika saketi halisi, lango la NA linalobeba B huzimika mara moja, ilhali lango la NA linalobeba A linasubiri kanusho la S lipite kwanza kwenye lango la SI. Kwa kitambo kifupi malango yote mawili yamezimika, na Y hushuka hadi 0 kisha hupanda tena. David Huffman alilishughulikia tatizo hili kinadharia katika makala aliyoyachapisha mwaka 1957, na dawa yake inajulikana: kuongeza lango la tatu, A na B, ambalo hubaki limewaka muda wote S inapobadilika. Kimantiki lango hilo halina kazi. Ndilo lango ambalo ramani ya Karnaugh inamfundisha msanifu kulifuta. Hapa, mapema kabisa, usemi uliopunguzwa vizuri na saketi inayotenda vizuri vilikwisha kuachana njia.

Fyuzi na gharama ya kosa

Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, kiteuzi hakikuhitaji tena kujengwa lango kwa lango. Katika familia maarufu ya chipu za 7400 iliyoanzishwa na Texas Instruments, chipu yenye namba 74157 ilikuwa na viteuzi vinne vya aina hii ndani yake. Msanifu alinunua chipu, akazipanga kwenye ubao na kuziunganisha kwa waya. Jaribio lilifanyika kwenye ubao huohuo, na kosa lilirekebishwa kwa kuhamisha waya. Tatizo lilikuwa nafasi. Kompyuta moja ingeweza kuhitaji mamia ya chipu ndogo za namna hiyo, nyingi zikiwa za kuunganisha tu chipu kubwa zaidi.

Jibu la tatizo hilo lilikuwa chipu ambayo mantiki yake inaamuliwa na mnunuzi. Mwaka 1975 kampuni ya Signetics ilitoa 82S100, yenye maingizo 16, semi 48 za NA na matokeo manane, ambapo semi za NA na za AU zote mbili ziliweza kupangwa kwa kukata fyuzi. Ilikuwa chipu yenye uwezo, lakini ya polepole na ya gharama. John Birkner na H. T. Chua wa Monolithic Memories walichukua uamuzi wa kupunguza uhuru huo: katika chipu yao ya PAL, iliyotoka mwaka 1978, ni semi za NA pekee zilizopangika, na malango ya AU yalikuwa yamefungwa. Chipu ikawa ndogo, ya haraka zaidi, na yenye miguu 20 tu. Ni mojawapo ya matukio katika historia ya teknolojia ambapo uwezo mdogo uliuzika vizuri kuliko uwezo mkubwa, na inafaa kukumbukwa na wale wanaoiona historia ya chipu kama mwendo wa kuongeza tu. Tracy Kidder, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu wahandisi wa Data General, ameonesha jinsi kikundi hicho kilivyobahatisha kompyuta nzima juu ya chipu za PAL wakati ambapo upatikanaji wake sokoni haukuwa wa uhakika.

Kilichoifanya PAL itumike kwa wingi ni programu iliyofuatana nayo, PALASM, iliyoandikwa kwa lugha ya FORTRAN. Msanifu aliandika milinganyo ya Boole, na programu ikatoa ramani ya fyuzi za kukatwa. Kiteuzi kilikuwa mstari mmoja wa maandishi. Fyuzi iliyokatwa haiungiki tena, kwa hiyo chipu yenye kosa ilitupwa. Ndiyo sababu PALASM ilimruhusu msanifu kuandika chini ya milinganyo yake jedwali la majaribio: maingizo fulani yanatarajiwa kuleta tokeo fulani. Programu ililinganisha jedwali na milinganyo kabla ya fyuzi yoyote kuguswa. Baadaye safu hizo za majaribio ziliingizwa ndani ya faili lilelile lililobeba ramani ya fyuzi, ili mashine ya kupangia chipu izijaribu kwenye chipu yenyewe mara baada ya kuikata.

Utaratibu huu unastahili kutiliwa mkazo kuliko unavyopewa kwa kawaida. Jedwali moja lilitumika mara mbili, kwanza dhidi ya milinganyo na kisha dhidi ya chipu halisi. Uigaji na chipu viliulizwa swali lilelile, kwa maneno yaleyale, na majibu yao yakalinganishwa. Katika historia yote inayojadiliwa hapa, pengine huo ndio wakati ambapo mwanya kati ya viwili hivyo ulikuwa mwembamba kuliko wakati mwingine wowote. Haukuwa umezibika kabisa, kwa kuwa jedwali bado halikuwa na wakati ndani yake. Aidha, programu za kupunguza milinganyo zilizokuja baadaye zilikuwa na tabia ya kulifuta lango la tatu la Huffman kwa kuliona la ziada, na msanifu aliyelihitaji alilazimika kuiagiza programu isipunguze.

Lugha zilizozaliwa kwa kazi nyingine

Wakati PAL ikienea, tatizo tofauti lilikuwa likiwakabili wasanifu wa chipu kubwa za kiwandani. Chipu ya namna hiyo haina fyuzi wala waya wa kuhamisha. Kosa likigundulika baada ya kutengenezwa, hakuna la kufanya ila kutengeneza upya. Uigaji kwao ulikuwa sharti. Mwishoni mwa mwaka 1983 na mwanzoni mwa 1984, Phil Moorby na Prabhu Goel, katika kampuni iliyokuja kuitwa Gateway Design Automation, walibuni lugha ya Verilog pamoja na kiigaji chake. Maana ya kila sentensi ya Verilog ilikuwa ni kile ambacho kiigaji kinafanya kinapoisoma: kusubiri ishara fulani ibadilike, kungoja nanosekunde kadhaa, kuandika thamani, kuchapisha ujumbe kwenye skrini. Nyingi ya amri hizo hazina umbo lolote katika silikoni.

Asili ya VHDL ilikuwa nyingine tena. Wizara ya Ulinzi ya Marekani, chini ya mpango wake wa saketi za kasi ya juu, ilihitaji njia ya kuandika kwa usahihi tabia za chipu ambazo wakandarasi walikuwa wakiziweka katika vifaa vyake, ili miaka ikipita chipu hizo ziweze kueleweka na kutengenezwa upya. Mwaka 1983 mkataba ulitolewa kwa Intermetrics, IBM na Texas Instruments. Lugha iliyopatikana, ambayo sarufi yake inafanana sana na ya Ada, ilikubaliwa kuwa kiwango cha IEEE mwaka 1987. Kwa asili yake VHDL ni lugha ya kumbukumbu. Lengo lilikuwa kueleza kitu kilichopo, na kuiga kukawa njia ya kuthibitisha kwamba maelezo ni sahihi.

Pande zote mbili, kwa hiyo, hazikukusudia kwamba maandishi yawe mbegu ya kuoteshea saketi. Wazo hilo liliingia kwa nguvu kupitia Synopsys, iliyoanzishwa mwaka 1986 na Aart de Geus na wenzake waliotoka General Electric. Kazi yao ya awali ilikuwa kuchukua saketi ya malango iliyokwisha kuchorwa na kuipunguza au kuihamishia kwenye teknolojia nyingine. Mwishoni mwa muongo huo walianza kupokea maandishi ya Verilog kama ingizo. Cadence iliinunua Gateway mwaka 1989, ikaifungua lugha kwa umma mwaka 1990, na ikawa kiwango cha IEEE mwaka 1995. Msanifu sasa aliandika maelezo mamoja yaliyosomwa na wasomaji wawili: kiigaji na kisanisi. Wasomaji hao hawakuwa na ufahamu mmoja.

Wasomaji wawili wa maandishi mamoja

Kiteuzi kinaudhihirisha mgogoro huu vizuri. Katika Verilog ya wakati huo, msanifu aliandika kwanza orodha ya ishara ambazo kipande cha programu kinazisikiliza, kisha masharti yenyewe: ikiwa S ni 1, Y iwe B, la sivyo Y iwe A. Tuseme katika orodha ameandika S peke yake, akasahau A na B. Kiigaji kinaitii orodha kwa ukamilifu. S isipobadilika, A inaweza kupanda na kushuka mara mia na Y isitikisike. Kisanisi, kwa upande wake, hakiijali orodha hiyo. Kinasoma masharti tu na kujenga kiteuzi cha kawaida ambacho Y yake huifuata A papo hapo. Kiigaji kimeonesha saketi yenye kumbukumbu, na chipu imepata saketi isiyo nayo. Kisanisi kilitoa onyo, lakini onyo moja miongoni mwa mamia.

Kinyume chake nacho kipo. Msanifu akiandika "ikiwa S ni 1, Y iwe B" bila kutaja la kufanya S ikiwa 0, wasomaji wote wawili wanakubaliana kwamba Y ibaki ilivyokuwa, na kisanisi kinaongeza komeo, yaani saketi inayoshikilia thamani iliyotangulia. Hapa hakuna tofauti kati ya uigaji na chipu. Tofauti iko kati ya hivyo viwili na kusudi la msanifu, na majaribio yasiyoigusa hali ya S kuwa 0 hayatalifichua komeo hilo.

Lililo gumu zaidi kuligundua ni suala la thamani isiyojulikana. Mfumo wa thamani tisa wa VHDL, uliokubaliwa kuwa kiwango mwaka 1993, una alama ya ishara ambayo haijawahi kupewa thamani, na Verilog ina alama yake ya kutojulikana. Zilikusudiwa kumwonya msanifu. Lakini S ikiwa haijulikani, sharti "ikiwa S ni 1" halitimii, na kiigaji huangukia tawi la pili: Y inakuwa A, safi na ya uhakika. Shaka iliyokuwepo kwenye ingizo imetoweka kwenye tokeo. Katika chipu, S itakuwa 0 au 1, na uwezekano wa kuwa 1 haukuwahi kuigwa. Ala iliyowekwa ili kufichua kutojua ndiyo inayokuficha.

Mwaka 1999 Don Mills na Clifford Cummings waliwasilisha kwa watumiaji wa Synopsys makala yaliyoorodhesha mitindo ya uandishi inayozaa tofauti za namna hii. Makala hayo yamesomwa kwa muda mrefu kama mwongozo wa adabu ya uandishi. Kwa mwanahistoria ni kitu kingine: ni ramani ya mshono ulipopita, inayoonesha ni wapi lugha ya kuiga ilishonwa kwenye kazi ya kujenga na uzi ukabaki nje. Marekebisho yaliyofuata yanathibitisha usomaji huu. Verilog ya mwaka 2001 ilileta alama ya nyota inayosikiliza ishara zote zinazosomwa, SystemVerilog ya mwaka 2005 ikaleta neno la kutangaza kwamba kipande hakipaswi kuwa na kumbukumbu, na VHDL ya mwaka 2008 ikaleta neno la kusikiliza ishara zote. Hakuna hata moja kati ya haya lililoongeza uwezo wa chipu. Yote yalikuwa ya kupatanisha wasomaji wawili.

Kosa lililokuwa rahisi

Wakati huohuo chipu nazo zilikuwa zimebadilika. Mwaka 1985 Xilinx, iliyoanzishwa mwaka mmoja kabla na Ross Freeman, Bernard Vonderschmitt na James Barnett, ilitoa XC2064, inayohesabiwa kuwa FPGA ya kwanza kuuzwa. Ilikuwa na vitalu 64 vya mantiki. Kila kitalu hakikuwa na malango ya NA na AU bali jedwali dogo la kumbukumbu. Kiteuzi ndani yake ni seli nane zenye thamani nane, na maingizo matatu ndiyo anwani ya seli ya kusomwa. Jedwali la ukweli ambalo wanafunzi wa Karnaugh walilichora ili walipunguze, sasa lilihifadhiwa zima ndani ya silikoni, na kupunguza milinganyo ya saketi ndogo kukakosa maana. Hata mtikisiko ulioshughulikiwa na Huffman ulipungua, kwa kuwa ingizo moja likibadilika kati ya seli mbili zenye thamani sawa, muundo wa jedwali hilo kwa kawaida haulitikisi tokeo.

Kumbukumbu hiyo hufutika umeme ukikatika, na huandikwa upya kila chipu inapowashwa. Wengi waliuona upungufu huo kuwa kasoro. Matokeo yake ya kihistoria, hata hivyo, ni kwamba bei ya kosa ilishuka hadi karibu sifuri. Chipu haikutupwa tena. Ikazoeleka kazi ya kuandika, kupakia na kutazama taa za ubao, kama Stibitz na balbu zake, na uigaji ukaonekana kuwa shughuli ya wenye chipu za kiwandani. Kwamba wao waliuhitaji kulidhihirika mwaka 1994, kitengo cha kugawanya cha Pentium kilipogunduliwa kuwa kimekosa thamani tano katika jedwali lake, na Intel ikatenga dola milioni 475 kugharimia ubadilishaji. Katika FPGA kosa la namna hiyo lingerekebishwa kwa faili jipya.

Uigaji ulirudi kwa watumiaji wa FPGA kwa sababu ya ukubwa. Chipu zilipofikia maelfu na baadaye mamia ya maelfu ya majedwali, kusanisi na kupakia kulichukua saa nzima au zaidi, na taa za ubao hazikuweza kueleza ni ishara ipi ya ndani iliyokosea. Safari hii uigaji haukurudi na nidhamu ya PALASM. Safu za majaribio zilizowahi kusafiri pamoja na ramani ya fyuzi hadi kwenye chipu zilibaki ndani ya kompyuta, zikiwa zimeandikwa kwa amri zisizosanisika, na faili lililopakiwa kwenye chipu likawa halina swali lolote la kujibu. Mwaka wa ucheleweshaji wa ishara ulipata mkaguzi wake, yaani uchambuzi wa muda unaohesabu njia zote bila kuiga chochote. Thamani za kuanzia nazo zilipata nafuu, maana flip-flopu za FPGA huanza katika hali inayojulikana.

Ingizo la S bado lina jambo moja. Tuseme linatoka kwenye kitufe kinachobonyezwa kwa kidole, na linapokelewa na flip-flopu inayoongozwa na saa ya chipu. Mwaka 1973 Thomas Chaney na Charles Molnar, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, walichapisha ushahidi wa majaribio kwamba flip-flopu ikipokea badiliko karibu sana na mpigo wa saa inaweza kusimama kati ya 0 na 1 kwa muda usio na kikomo maalumu. Kiigaji cha mantiki hakina thamani ya kati ya kuonesha. Hukiona kitufe kimebonyezwa kabla ya mpigo au baada yake, huchagua, na huchora wimbi lililonyooka. Msanifu huweka flip-flopu mbili mfululizo kwenye njia ya S ili kupunguza uwezekano wa hali hiyo kufika ndani, na katika michoro ya uigaji anayoiambatisha, flip-flopu ya pili huonekana ikifanya kazi moja tu, ya kuchelewesha.